Maswali na majibu: Eois, nondo wadogo wa misitu ya milimani

Safari hii maswali yote yanahusu jenasi moja ya nondo, Eois, ya familia ya Geometridae. Makao yao makuu ni misitu yenye ukungu ya milima ya Andes, ingawa wapo kwingine pia katika ukanda wa tropiki. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Nimeona picha za nondo wa manjano wenye mistari ya zambarau, zimeandikwa Eois. Nikimkuta kati ya mamia ya nondo waliovutwa na taa usiku wakatua kwenye shuka jeupe, nitamtambuaje?

Anza na ukubwa. Eois ni mdogo: akitandaza mabawa, upana wake ni kama sentimita 2, wengine hupungua au kuzidi kidogo. Kisha tazama anavyotua. Hakunji mabawa kama paa la nyumba, bali huyalaza yote manne bapa juu ya jani au kitambaa, na mistari ya bawa la mbele huendelea moja kwa moja hadi bawa la nyuma, kana kwamba mtu amepitisha brashi mara moja juu ya yote. Rangi nyingi ni manjano, hudhurungi, rangi ya mchanga na waridi iliyofifia, tena wapo wenye madoa meusi au ukingo wa rangi kali.

Wanaokuchanganya zaidi ni jamaa wa nusu-familia ya Sterrhinae, hasa Idaea, nao wadogo na hutua bapa vilevile. Eois wako katika nusu-familia ya Larentiinae. Kwa macho peke yake utakosea mara kwa mara, kwa hiyo katika daftari andika "Eois?" pamoja na alama ya kuuliza hadi mtu aone mishipa ya mabawa na viungo vya uzazi. Alama hiyo ya kuuliza ina thamani kuliko jina la spishi lililokisiwa.

Jina Eois lilitolewa na Jacob Hübner mwaka 1818. Spishi zilizokwisha kupewa majina ni takriban 250, na zaidi ya 200 kati ya hizo ni za Amerika ya tropiki. Makadirio ya wataalamu kwa bara hilo peke yake yanazidi spishi 1,000. Maana yake, nondo wengi wa jenasi hii watakaotua kwenye shuka lako huko Andes hawana jina bado.

Viwavi wao wanawasha?

Hapana. Ni viwavi laini wasio na manyoya ya sumu. Unaweza kuwaacha watembee kiganjani, ila usiwashike kwa kuwabana, maana ngozi ni nyembamba na jeraha dogo tu huwaua.

Tulifundishwa kwamba kadiri unavyopanda mlima viumbe hupungua. Mbona nondo hawa wanasemwa kuwa wengi zaidi milimani?

Kanuni uliyofundishwa ni ya kweli kwa makundi mengi. Mchwa, siafu na sisimizi hupungua haraka ukipanda, na vipepeo wengi wa mchana vivyo hivyo. Geometridae hawafuati mkondo huo. Kusini mwa Ecuador, katika hifadhi ya Reserva Biológica San Francisco iliyo kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Podocarpus, watafiti walitega taa kuanzia karibu mita 1,000 hadi karibu mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Kufikia mwaka 2005 walikuwa wamehesabu spishi 1,266 za familia hii katika eneo dogo hilo, na wingi wa spishi haukuporomoka kadiri walivyopanda. Ulaya nzima ina kama spishi 1,000 tu za Geometridae. Za Eois peke yake, katika mteremko ule mmoja, zimepita 100.

Sababu haziko moja. Ya kwanza ni mwili wenyewe. Geometridae wana mwili mwembamba na mabawa mapana, hivyo uzito ni mdogo kwa eneo la bawa. Nondo mnene kama Sphingidae lazima aipashe misuli yake moto kabla ya kuruka, na usiku wa baridi kazi hiyo humgharimu sana. Geometridae mwepesi huruka polepole bila kujipasha moto hivyo. Milimani joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo tofauti hii ya maumbile inazidi kuwa na uzito kila hatua.

Ya pili ni maadui. Mwaka 2017 lilichapishwa jaribio lililotumia viwavi bandia wa udongo wa kufinyanga, waliowekwa kwenye mimea katika sehemu nyingi za dunia. Alama za meno na taya zilipungua kadiri ya umbali kutoka ikweta na kadiri ya kimo, na waliopungua hasa walikuwa wadudu wawindaji. Kiwavi wa mita 2,000 ana sisimizi wachache wa kumwogopa kuliko ndugu yake wa bondeni.

Ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi kwa Eois: chakula. Viwavi wengi wa jenasi hii huko Amerika hula mimea ya jenasi ya Piper, jamaa wa pilipili manga na mtambuu. Piper ina spishi zaidi ya 1,000, na Andes imejaliwa sana. Bonde hili lina Piper hizi, ng'ambo ya mgongo wa mlima zipo nyingine, na mita 500 juu zaidi orodha imebadilika tena. Nondo anayekula mmea mmoja au miwili hufuata mgawanyo huo. Milima ilivyoinuka na mabonde kutengana, mimea ilitengana na nondo wakatengana nayo. Ndiyo maana huwezi kupiga hesabu ya spishi za Eois kwa kutembelea kituo kimoja, hata kama utakaa hapo miaka.

Ila usielewe kwamba wanaendelea kuongezeka hadi kileleni. Juu ya mita 3,000 Piper hupungua sana, na Eois nao.

Nataka kutafuta viwavi wenyewe, siyo nondo wa kwenye taa. Niangalie wapi?

Umechagua njia iliyo bora, ingawa ni ya taratibu. Nondo wa kwenye taa anakuambia kwamba alikuwepo usiku ule. Kiwavi juu ya jani anakuambia anachokula, anakoishi na, ukimlea, nani anayemuua.

Kwanza jifunze kuitambua Piper bila maua. Shina lake lina vifundo vilivyovimba, kama viungo vya vidole. Jani mara nyingi halina ulinganifu pale linapoungana na kikonyo, upande mmoja hushuka chini kuliko mwingine. Ponda kipande cha jani unuse: harufu ya viungo, kali kidogo. Ukikuta maua huhitaji kitu kingine, kwani ni vishada vyembamba kama mishumaa au mikia ya panya, kila kimoja kimesimama mkabala na jani. Piper nyingi hukaa kivulini, kandokando ya njia, kwenye mapengo ya miti iliyoanguka na kando ya vijito. Baadhi ya Eois hula jamaa wengine wa Piperaceae, kama Peperomia, na wapo waliopatikana kwenye Hedyosmum, ya familia nyingine kabisa. Lakini kwa anayeanza, Piper inatosha.

Halafu tafuta alama za meno kabla ya kumtafuta kiwavi. Kiwavi mchanga hukwangua upande mmoja wa jani na kuacha utando mwembamba unaopitisha mwanga kama dirisha. Akikua hutoboa matundu kati ya mishipa mpaka jani linabaki kiunzi. Ukiona jeraha lenye ukingo wa kijani kibichi, ambao haujawa kahawia, mwenyewe hajaenda mbali. Geuza jani taratibu, usilichume, maana wengi hukaa upande wa chini na hujiangusha wakitikiswa. Mbinu moja inayofaa ni kuinama chini ya mmea na kutazama juu kuelekea angani: kivuli cha kiwavi huonekana kupitia jani.

Utamjua kuwa ni Geometridae kwa mwendo. Ana jozi mbili tu za miguu ya nyuma, zote mwishoni mwa mwili, hivyo hujikunja kama upinde, hujinyoosha, hujikunja tena, mithili ya mtu apimaye shubiri. Jina la familia kwa Kigiriki lina maana hiyohiyo ya kupima ardhi. Wengi ni kijani kama jani lenyewe, wengine wana madoa meusi. Katika baadhi ya spishi hukaa kimoja kimoja, katika nyingine kundi zima huwa juu ya jani moja, na hilo nalo liandike.

Chunguza mimea mingi kwa dakika chache kila mmoja kuliko kushinda kwenye mmea mmoja. Tena hesabu na mimea isiyokuwa na kiwavi. Anayeandika "viwavi 6" bila kusema alitazama mimea mingapi amepoteza nusu ya kazi yake.

Nilileta viwavi kumi nyumbani. Watano wakaoza, wawili wakakauka, mmoja alitoka mdudu mwingine kabisa. Nilikosea wapi?

Huyo wa mdudu mwingine hukukosea chochote, na tutamrudia. Wengine wana sababu zinazojulikana.

Kuoza kwa kawaida ni unyevu uliozidi au maradhi. Ukiwafungia viwavi kumi katika chombo kimoja, kinyesi hurundikana, ukungu huota, na ugonjwa wa mmoja huwa wa wote. Kiwavi aliyekufa kwa virusi huwa mweusi, hulegea na hutoa majimaji ukimgusa. Akionekana hivyo mtoe pamoja na chombo, na unawe mikono kabla ya kugusa wengine. Kila kiwavi apewe chombo chake: kikopo cha plastiki angavu cha mililita 250, au mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu uliojazwa hewa kidogo. Chini tandika karatasi ya tishu kavu. Matone yakijikusanya kwenye kuta, fungua kwa dakika kumi na ubadilishe tishu. Toa kinyesi kila siku.

Waliokauka, ama jani lilinyauka nao wakaacha kula, ama uliwapa jani lisilo lao. Kosa hili la pili ndilo kubwa kuliko yote kwa Eois. Ukimchuma kutoka Piper ya majani mapana yenye manyoya na kumpa Piper nyingine laini kwa kuwa "nayo ni Piper", anaweza kukaa juu yake siku mbili bila kuuma hata mara moja, kisha afe. Chuma akiba kutoka mmea uleule aliokutwa, weka majani katika mfuko wenye tishu yenye unyevu, mahali pa baridi, na ubadilishe kila baada ya siku moja au mbili. Kikonyo cha jani kilichofungwa pamba yenye maji hukaa kibichi kwa muda mrefu, ila funga pamba kwa plastiki ili kiwavi mdogo asizame.

Joto nalo huua kimya kimya. Kiwavi aliyechumwa mita 2,000, mahali ambapo usiku nyuzi hushuka hadi 12 au 15, hawezi kuvumilia gari lililofungwa vioo juani. Mlee karibu na kimo alichotoka, kivulini. Usitarajie tarehe ya kudumu ya kugeuka pupa, kwani penye baridi kila hatua huchelewa.

Anapokaribia kuwa pupa huacha kula, hufupika na rangi hubadilika. Mwachie jani zima na tishu iliyokunjwakunjwa, achague mwenyewe pa kujificha. Baada ya hapo usimguse, nyunyiza tone la maji kwenye tishu kila baada ya siku mbili, na uweke kijiti au kipande cha wavu kinachofika juu ya chombo. Nondo anapotoka lazima apate pa kupanda ili mabawa yaning'inie na kunyooka. Chombo chenye kuta laini tupu huleta nondo mwenye mabawa yaliyokunjamana. Mpe saa 24 yakauke kabla ya kufanya lolote.

Sasa yule mdudu mwingine. Viwavi wa Eois hushambuliwa na nyigu na nzi wanaotaga ndani au juu yao, na watoto wao hula kiwavi akiwa hai. Ukikuta vifuko vidogo vya hariri, vyeupe au vya manjano, vimepangana kando ya kiwavi aliyesinyaa, hao huenda ni nyigu wa familia ya Braconidae, ambamo jenasi ya Parapanteles hutokea sana kwa Eois. Ukikuta kidude cha kahawia, kigumu, umbo la pipa, huyo ni nzi wa Tachinidae. Usikitupe! Kiache katika chombo kilekile, namba ileile, mpaka mdudu atoke, kisha mweke katika ethanoli ya asilimia 96. Nyigu aliyetoka kwa Eois fulani aliyekula Piper fulani ni kumbukumbu ya viumbe watatu kwa pamoja, na kumbukumbu kama hizo ni adimu kuliko nondo mzuri aliyetobolewa sindano. Wapo hata nyigu wanaokula nyigu hao, kwa hiyo usishangae akitoka mdudu mdogo kuliko uliyemtegemea.

Piper ni kali mdomoni. Kiwavi anawezaje kuila kila siku?

Ukali wa Piper hutokana hasa na kemikali za kundi la amaidi. Piperini ya pilipili manga ni mojawapo. Piper cenocladum ya misitu ya Costa Rica ina amaidi tatu, na watafiti walipozijaribu kwa kiwavijeshi vamizi, ambaye hula mimea ya kila aina, mchanganyiko ulimdhuru kuliko kila moja peke yake. Wadudu waliobobea katika Piper, Eois wakiwemo, huathiriwa kidogo.

Mmea huo una na walinzi. Sisimizi wa spishi ya Pheidole bicornis huishi ndani ya vikonyo vyake vilivyo na uwazi, nao mmea huwatengenezea chembe za chakula ukutani mwa uwazi huo, pale tu sisimizi wanapokuwepo. Kwa malipo hayo sisimizi huondoa mayai na viwavi wachanga.

Jambo la kutazama hapa ni ulinzi wa kiwavi dhidi ya nyigu. Yai la nyigu likiingia mwilini, chembe za damu za kiwavi hulizingira na kulifunika mpaka likose hewa. Nyigu wa Braconidae wa kundi la Parapanteles nao hujibu: jike hutaga yai pamoja na chembe za virusi zinazodhoofisha kinga hiyo. Kiwavi anayetumia nguvu zake kukabiliana na sumu ya chakula anabaki na kiasi fulani tu cha nguvu kwa ajili ya vita hii ya pili. Ndiyo sababu kuandika "Piper" tu hakutoshi. Bana tawi lenye jani na kishada cha maua katika magazeti makavu, lipe namba ileile ya kiwavi, umpelekee mtaalamu wa mimea.

Taa gani, saa ngapi, na mwezi una tatizo gani?

Taa ya urujuanimno ya wati 15 inatosha. Mbili za hivyo ndani ya mnara wa chandarua cheupe wenye urefu wa mita 1.6 hivi na kipenyo cha sentimita 70 ni bora kuliko shuka, maana nondo hutua pande zote na upepo hauupigi kama tanga. Taa kubwa ya zebaki inayohitaji jenereta huvuta wengi, lakini ni nzito kubeba mlimani na joto lake huunguza nondo wadogo. Siku hizi zipo taa za LED za urujuanimno zinazotumia pawabenki, na kwa anayetembea kwa miguu hizo ndizo za kuchagua. Vaa miwani ya kuzuia urujuanimno, usitazame taa moja kwa moja.

Hesabu ya betri huwaangusha wengi. Wati 15 kwa volti 12 ni ampea 1.25. Betri ya asidi ya ampea-saa 7 kwa karatasi ingewasha taa zaidi ya saa tano, ila ukiishusha chini ya nusu unaiharibu, na baridi huipunguzia nguvu zaidi. Panga saa mbili na nusu kwa betri hiyo, au beba ya ampea-saa 12.

Washa kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 3:30 usiku. Katika tropiki giza huingia haraka, na sehemu kubwa ya Geometridae huja katika saa hizo tatu za mwanzo. Ukitega kwa saa zilezile kila usiku, matokeo ya kimo kimoja yanalinganishwa na kingine. Mwezi mpevu hushindana na taa yako, kwa hiyo panga kazi katika wiki ya mwezi mwandamo. Usiku bora ni wa mawingu mazito, ukungu, bila upepo, na kamvua kepesi hakana ubaya. Usiku mweupe wenye nyota na baridi kali, lala.

Usidhani taa inavuta nondo kutoka bonde zima. Wengi hutoka ndani ya makumi machache ya mita. Hiyo ni faida: aliyekuja kwako ana uwezekano mkubwa kuwa wa msitu ulioko pale. Weka taa ndani ya msitu, siyo kwenye uwanja wa kambi unaoangalia ng'ambo.

Na ukimaliza, zima, kung'uta chandarua taratibu kwenye vichaka mbali na mahali pa taa. Taa ikiachwa hadi alfajiri, ndege hujifunza haraka na huja kula waliobaki.

Nina nondo wawili wanaofanana kama mapacha. Ni spishi moja?

Kwa Eois, kufanana hakuthibitishi. Mwaka 2011 watafiti walichapisha kazi juu ya Eois wa msitu wa mlima uliokuwa umechunguzwa sana tayari. Walipolinganisha kipande cha jeni kinachotumika kama msimbo wa utambulisho wa wanyama, idadi ya spishi iliongezeka hadi kwa asilimia 50 juu ya ile iliyopatikana kwa kutazama mabawa.

Wewe fanya hivi. Kata mguu mmoja wa kila nondo kwa kibano kilichosafishwa, weka katika ethanoli ya asilimia 96, namba ndani ya chupa kwa penseli, kwani wino wa kalamu huyeyuka. Kisha tumbo: litumbukize katika potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 usiku kucha, au lipashe moto dakika 10 hadi 15, minofu ilainike, halafu safisha kwa maji na uchambue viungo vya uzazi chini ya hadubini. Tumbo la Eois ni dogo, likikaa mno katika dawa huwa uji. Na usiamue kwa kimoja pekee. Mabawa, viungo vya uzazi, jeni na mmea, vikikubaliana vitatu kati ya vinne, una hoja.

Afrika je, wapo?

Wapo, Afrika na Asia pia, ila spishi zinazojulikana ni chache mno kulinganisha na Amerika. Piper capense huota katika misitu ya milima ya Afrika Mashariki, na majani yake yanastahili kugeuzwa. Lakini usianze na imani kwamba ndugu wa huku lazima wale kile wanachokula wa Andes. Kila kiwavi anayejipinda shubiri, juu ya mmea wowote, mlee kwa mpango uleule na uandike mmea.

Joto la dunia linaongezeka. Kuna ushahidi kwamba nondo wa milimani wanahama?

Upo, kutoka Mlima Kinabalu wa Borneo, wenye kilele cha mita 4,095. Mwaka 1965 msafara ulitega nondo katika vituo kadhaa vya mlima huo na kuandika kimo cha kila kituo. Mwaka 2007 watafiti walirudi na kutega tena. Spishi 102 za Geometridae zililinganishwa, na kwa wastani zilikuwa zimepanda mita 67 katika miaka 42. Kwa mlima mrefu mita 67 ni kidogo. Kwa spishi inayoishi karibu na kilele ni sehemu kubwa ya ardhi iliyobaki, kwa kuwa mlima husinyaa kadiri unavyopanda.

Kwa Eois kuna kikwazo cha ziada. Nondo anaweza kuruka mita 67 usiku mmoja, lakini Piper yake haiwezi. Kichaka hupanda mlima kwa mbegu zinazobebwa na popo na ndege, kisha kinahitaji miaka ya kukua. Nondo akifika juu kabla ya chakula chake, safari yake haijamsaidia kitu. Wenye daftari za zamani zenye kimo na mmea, tafadhali zitunzeni na kuzinakili.

Sina kibali wala vifaa, nina simu ya kupigia picha tu. Picha zangu zina faida?

Zina faida ukizipiga kwa utaratibu. Huko Ecuador, na katika nchi nyingi zenye nondo hawa, kukusanya na kusafirisha vielelezo bila kibali ni kosa, hata mguu mmoja wa nondo. Picha kwa kawaida hazina kizuizi hicho, ila katika hifadhi uliza kwanza.

Kwa kila nondo piga ya juu, kamera ikiwa sambamba na mabawa, na nyingine ya ubavuni. Weka rula au karatasi ya mistari ya milimita ndani ya fremu. Usitumie mwanga wa simu moja kwa moja, hufuta manjano na waridi. Mulika kwa pembeni kupitia karatasi nyeupe. Kwa kiwavi piga mgongo, ubavu, kichwa, jeraha la jani, upande wa chini wa jani, kisha mmea mzima na kishada chake. Picha sita za kiwavi mmoja na mmea wake zina kazi zaidi ya picha sitini za nondo tofauti kwenye shuka. Washa huduma ya mahali katika simu, lakini kimo kinachoandikwa na GPS ya simu hukosea kwa makumi ya mita chini ya miti, kwa hiyo kihakiki kwenye ramani yenye kontua ukirudi, usiku uleule.